Picha zinazohama kwenye tasnifu: uchambuzi wa faili moja la Word

Faili linalochambuliwa hapa ni tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu ukaushaji wa dagaa kwa vichanja kandokando ya Ziwa Victoria. Ni waraka wa mfano, uliobeba kwa pamoja hitilafu ambazo steshenari za jirani na vyuo huzipokea kila msimu wa kukabidhi kazi. Kwenye laptopu ya mwandishi lina kurasa 92. Likifunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari linafika kurasa 97. Lina picha 34 na uzito wa megabaiti 138, kwa hiyo limeletwa kwa flashi, maana Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25.

Masharti ya chuo ni ya kawaida: karatasi ya A4, pambizo ya kushoto sentimita 4 kwa ajili ya kujalidi, pambizo nyingine sentimita 2.5, fonti ya Times New Roman ukubwa wa 12, mistari iachane kwa nafasi mbili.

Ukilipitia faili kwa macho tu, unaona haya. Picha 4.3 imekaa juu ya maneno na kuyafunika. Picha 4.7 haionekani, isipokuwa ukanda mwembamba kama wa rula. Kichwa cha 4.2 kimebaki peke yake mwisho wa ukurasa, maelezo yake yako ukurasa unaofuata. Ukurasa wa 55 uko nusu tupu. Kuna mstari wenye maneno matatu yaliyovutwa toka ukingo hadi ukingo. Mahali pa picha moja pana alama nyekundu ya X. Orodha ya Picha inasema Picha 4.9 iko ukurasa wa 58, nayo iko wa 61.

Mwenye kazi huwa anaomba jambo moja: "Nirekebishie picha." Lakini kati ya hitilafu hizo saba, ni moja tu iliyozaliwa na picha yenyewe, ile ya X. Nyingine nyingi zimeanzia kwenye aya. Anayeanza kwa kuziburuta picha kwa mausi atazinyoosha leo na kuzikuta zimepinda kesho, kwa sababu ndani ya Word kila picha imeshikwa na aya fulani, na aya ikisogea picha husogea nayo.

Kuliona faili lilivyo

Hatua ya kwanza si kurekebisha bali kuwasha alama zilizofichwa: Ctrl+Shift+8, au kitufe chenye alama ya ¶ kwenye kichupo cha Home. Wengi huizima haraka kwa sababu inajaza ukurasa vinukta. Iachwe ikiwaka mpaka kazi iishe. Kinukta ni nafasi moja iliyobonyezwa. Mshale wa kulia ni Tab. Mshale uliopinda ni Shift+Enter, yaani mstari umekatwa bila aya kuisha. Alama ya ¶ ni mwisho wa aya, na ndiyo inayobeba maagizo yote ya aya hiyo: jongezo (mstari kuanzia ndani kidogo ya ukingo), nafasi ya mistari, mpangilio wa kushoto au katikati.

Alama zikiwaka, faili letu linajieleza. Kabla ya kichwa cha Sura ya Nne kuna ¶ tupu 9. Mwandishi alitaka sura ianze ukurasa mpya, akabonyeza Enter mpaka ikafika. Mstari mmoja wa Times New Roman 12 huchukua takriban pointi 13.8, na kwa nafasi mbili ni pointi 27.6, Enter tisa ni kama sentimita 8.8 za hewa. Zilitosha siku ile. Msimamizi alipoomba aya moja iongezwe katika Sura ya Tatu, hewa ileile ikasukumwa mbele, na kichwa kikaanguka katikati ya ukurasa.

Ule mstari wa maneno matatu yaliyovutwa una mshale uliopinda mwishoni. Aya imepangwa kunyooka pande zote mbili, na Word huunyoosha kila mstari wa aya ya namna hiyo isipokuwa wa mwisho. Mstari uliokatwa kwa Shift+Enter si wa mwisho machoni pa programu, kwa hiyo unavutwa.

Sura ya Pili ina ugonjwa mwingine: kila mstari unaishia na ¶. Hayo ni maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF. Kwa mtazamaji ni aya tano, kwa programu ni aya hamsini na zaidi, na jongezo lolote utakaloliweka litaingia kwenye kila mstari.

Sura ya Tatu nayo ilibandikwa ikiwa na mkato wa sehemu (section break) ndani yake, na mkato huo umekuja na karatasi yake: Letter ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, badala ya A4 ya 210 kwa 297. Ukurasa wa Letter una urefu pungufu wa sentimita 1.8, yaani karibu mistari miwili ya nafasi mbili inapotea kwenye kila ukurasa. Hili halionekani kwenye skrini kwa urahisi. Weka kishale ndani ya kila sehemu, fungua Layout, kisha Size, usome kilichoandikwa.

Na tofauti ya kurasa 92 na 97? Sura ya Pili imeandikwa kwa fonti iliyopakuliwa kwenye laptopu ya mwandishi pekee. Kompyuta ya steshenari haina fonti hiyo, Word ikaweka nyingine bila kuuliza, na herufi zikawa pana zaidi. Ili kujua kama fonti imebadilishwa, nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka sehemu ya Show document content, ubofye Font Substitution. Hapo panaonyesha fonti inayokosekana na iliyowekwa badala yake.

Picha 4.7 na mnyororo wake

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na tutakaa kidogo.

Mwandishi aliona Sura ya Nne inarefuka. Ili kupunguza kurasa, alichagua matini yote ya sura, akafungua kisanduku cha Paragraph, na kwenye Line spacing akaweka Exactly, pointi 24. Kwa macho inafanana na nafasi mbili. Kimahesabu inaokoa: ukurasa wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 juu na chini una takriban pointi 700 za kuandikia, ambazo ni mistari 25 kwa pointi 27.6, lakini mistari 29 kwa pointi 24. Mistari minne ya bure kila ukurasa.

Tatizo ni kwamba picha iliyoingizwa kwa hali ya kawaida, In Line with Text, ni herufi mbele ya programu. Ni herufi kubwa mno, lakini ni herufi, inakaa ndani ya mstari. Nafasi ya mistari ikiwa Single, Double au Multiple, mstari hujinyoosha kuifuata herufi iliyo kubwa zaidi. Ikiwa Exactly, mstari haujinyooshi hata kidogo. Picha yenye urefu wa sentimita 9 ikapewa mstari wa pointi 24, yaani sentimita 0.85, na kinachobaki kuonekana ni ukanda.

Mwandishi hakujua hayo. Kwenye Picha 4.3, iliyopatwa na jambo hilohilo, alichoona ni kwamba picha imepotea. Akaibofya, akafungua kitufe cha Wrap Text, akajaribu chaguo mojamoja mpaka picha ikaonekana nzima: In Front of Text. Kwenye hali hiyo picha si herufi tena, imeelea juu ya ukurasa na matini haijui kama ipo. Ikafunika maneno. Ili kuyatoa maneno chini ya picha, akabonyeza Enter mara 11. Nafasi ikapatikana. Kisha akaandika jina la picha kwa mkono, "Picha 4.3: Vichanja vya kuanikia dagaa", katika kisanduku cha matini alichokiburuta mpaka chini ya picha.

Sasa hesabu vitu vilivyopo: picha inayoelea, aya tupu 11, kisanduku kinachoelea, na hakuna kimoja kilichofungwa kwa mwenzake. Sentensi moja ikiongezwa juu, aya tupu zinashuka, picha inafuata aya iliyoishika, kisanduku kinafuata aya nyingine. Hivi ndivyo picha "zinavyohama zenyewe".

Aya inayoishika picha inayoelea inajulikana kwa alama ya nanga. Bofya picha, utaiona nanga pembeni mwa aya fulani. Isipoonekana, iwashe kwa File, Options, Display, Object anchors. Katika faili letu nanga nyingi zimekaa kwenye zile aya tupu. Na hapo pana hatari ambayo imewaliza wengi: ukiifuta aya yenye nanga, picha inafutika pamoja nayo. Mtu anayesafisha aya tupu kwa nia njema anaweza kufika ukurasa wa mwisho akiwa na picha 34 zilizobaki 26, asijue ni lini nane zilitoka. Kwa hiyo mpangilio wa kazi haubadiliki: mitindo kwanza (Styles, yaani maagizo ya mwonekano wa aya yaliyopewa jina), picha zirudishwe kwenye mstari, ndipo aya tupu zifutwe.

Kuunda mitindo mitatu

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala kwa jina jipya. Ikiwa juu ya dirisha pameandikwa Compatibility Mode, faili ni la muundo wa zamani, mathalani .doc, lihifadhi kama .docx.

Fungua dirisha la mitindo kwa Alt+Ctrl+Shift+S, ubofye New Style. Tunahitaji mitindo mitatu, mbali na vichwa.

Wa kwanza ni wa matini: Times New Roman 12, mistari Double, kunyooka pande zote mbili. Jongezo la mstari wa kwanza liwekwe kwa Special, First line, sentimita 1.27, si kwa Tab wala kwa nafasi tano. Chagua ama jongezo la mstari wa kwanza ama nafasi ya ziada kati ya aya. Vyote viwili kwa pamoja, juu ya nafasi mbili za mistari, hufanya ukurasa uonekane umetobokatoboka. Kwa tasnifu tunapendelea jongezo, na nafasi ya kabla na baada ya aya ziwe 0.

Wa pili uite Picha: katikati, jongezo 0, Line spacing Single, pointi 12 kabla na 6 baada. Kwenye kichupo cha Line and Page Breaks weka alama kwenye Keep with next. Hiyo Single ndiyo dawa ya ukanda. Na Keep with next inaiambia aya ya picha isitengane na aya inayoifuata, ambayo ni kapsheni, yaani namba na jina la picha.

Wa tatu tayari upo, unaitwa Caption. Urekebishe tu: ukubwa wa 11, rangi nyeusi, Single, pointi 12 baada, na Keep lines together. Usiuwekee Keep with next kama kapsheni iko chini ya picha, la sivyo nayo itaikamata aya inayofuata, mnyororo utarefuka, na kurasa zitaachwa wazi bila sababu inayoonekana. Kwa majedwali ni kinyume: kichwa cha jedwali huwa juu, kwa hiyo chenyewe ndicho kinachohitaji Keep with next. Ukitaka kuwa makini, tenga mtindo wa kichwa cha jedwali na wa kapsheni ya picha.

Katika kisanduku cha mtindo kuna chaguo la Automatically update. Liache bila alama. Likiwa na alama, ukiweka aya moja katikati kwa mkono, aya zote za mtindo huo zinakwenda katikati.

Kuzirudisha picha

Bofya picha, kitufe kidogo cha Layout Options kinatokea pembeni. Chagua In Line with Text. Picha itatua pale nanga yake ilipo, ambapo huenda si mahali pake. Ikate kwa Ctrl+X, ibandike kwenye aya yake yenyewe, na aya hiyo uipe mtindo wa Picha. Ikitua kwenye aya yenye Exactly itageuka ukanda tena, ndiyo sababu mtindo ulitangulia kuundwa.

Picha iliyojificha nyuma ya matini haibofyeki kirahisi. Nenda Home, Select, Selection Pane. Vitu vyote vinavyoelea kwenye ukurasa huo vitaorodheshwa pembeni, utavichagua kwa jina. Visanduku vya matini vyenye kapsheni utaviona hapohapo. Nakili maneno yake kwenda kwenye aya ya kawaida, kisha kifute kisanduku.

Picha mbili zinazotakiwa kukaa bega kwa bega, kichanja kabla ya kuanika na baada, zisielee. Weka jedwali la safu wima mbili bila mistari. Upana wa matini yetu ni sentimita 14.5 (21 kutoa 4 kutoa 2.5), kwa hiyo kila safu ipewe 7.25. Kwenye Table Properties, Options, ondoa alama ya Automatically resize to fit contents, maana isipoondolewa picha kubwa italisukuma jedwali nje ya pambizo. Kwenye kichupo cha Row ondoa pia Allow row to break across pages.

Kuelea kuna nafasi yake: nembo ya chuo kwenye jalada, jarida la safu tatu, tangazo. Ndani ya sura za tasnifu hatujaona sababu ya kuitumia.

Ili kosa lisijirudie, File, Options, Advanced, sehemu ya Cut, copy, and paste: Insert/paste pictures as iwe In line with text.

Anayetumia LibreOffice Writer atayapata hayohayo kwa majina mengine: bofya picha kwa kitufe cha kulia, Anchor, As Character, dirisha la mitindo ni F11.

Kufagia aya

Sasa ndipo ufute. Fungua Ctrl+H. Kwenye Find what andika ^p^p, kwenye Replace with andika ^p, bofya Replace All, urudie mpaka idadi ifike sifuri. Wakati mwingine hubaki moja isiyoisha, mara nyingi mwisho wa waraka, iache. Kisha nafasi mbili ziwe moja, kwa kurudia vilevile. Kisha ^p^t iwe ^p, kuondoa Tab za mwanzo wa aya. Kwa ile mishale iliyopinda tafuta ^l, lakini usibonyeze Replace All; mingine iliwekwa kwa makusudi ndani ya anwani au shairi.

Fanya hivi ukiwa umechagua sura tu. Jalada na kurasa za shukrani mara nyingi zimesimama kwa Enter, na zitaporomoka zote juu. Hizo zirekebishwe baadaye kwa kuweka nafasi ya kabla ya aya, mathalani pointi 120 juu ya jina la kazi.

Sura ya Pili, ile ya PDF, inahitaji ujanja wa hatua tatu. Kwanza hakikisha kati ya aya halisi pana ¶ mbili. Mahali pasipo nazo ongeza kwa mkono. Chagua maandishi hayo. Badilisha ^p^p iwe @@. Badilisha ^p iwe nafasi moja. Mwisho badilisha @@ iwe ^p. Mistari inaungana, aya zinabaki. Pitia tena kwa macho maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari, kwa mfano "uka- ushaji", kwa sababu hakuna ubadilishaji wa jumla unaoyajua.

Vichwa vya sura vipewe Heading 1, vidogo Heading 2 na 3. Kwa Heading 1 weka Page break before ndani ya mtindo wenyewe, na zile Enter tisa hazitahitajika tena. Kile kichwa cha 4.2 kilichobaki peke yake mwisho wa ukurasa nacho kinapona hapa, maana vichwa vya Word huja na Keep with next tayari. Kilikuwa kimeandikwa kama matini ya kawaida iliyokolezwa.

Ile nusu tupu ya ukurasa wa 55 haikupona kwa lolote kati ya haya, na haikupaswa kupona. Picha iliyofuata ina urefu wa sentimita 12, nafasi iliyobaki ni sentimita 10. Haiingii, basi. Tiba ni ya uandishi: chukua aya inayokuja baada ya picha uilete kabla yake. Hilo linawezekana tu ikiwa matini inasema "kama Picha 4.8 inavyoonesha" na si "kama picha ya hapa chini inavyoonesha". Tunalisisitiza hili kwa kila mwandishi wa tasnifu: itaje picha kwa namba, kamwe si kwa mahali.

Uzito

Megabaiti 138 zimetoka wapi? Nakili faili, badilisha jina la nakala kutoka .docx kuwa .zip, ulifungue. Ndani ya folda ya word kuna folda ya media, na humo zimo picha zote kwa ukubwa wake halisi. Katika faili letu nyingi ni za simu, pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti 3 hadi 5 kila moja. (Njia hiyohiyo huwaokoa waliopoteza picha za asili kwenye simu: zitoe humo.)

Picha ya pikseli 4000 ikiwekwa kwenye upana wa sentimita 14.5, ambao ni inchi 5.7, ina pikseli 700 kwa inchi. Kwa kuchapa, 220 zinatosha, yaani pikseli 1256 kwa upana huo. Kuipunguza picha kwa kuvuta kona zake hakupunguzi uzito. Programu inaendelea kubeba zote 4000. Bofya picha yoyote, Picture Format, Compress Pictures. Ondoa alama ya Apply only to this picture, chagua 220 ppi, kisha OK. Usichague 96, iliyokusudiwa kwa barua pepe. Kwenye karatasi magamba ya dagaa yatakuwa ukungu. Ikiwa uzito haukupungua, tazama File, Options, Advanced, Image Size and Quality: pengine Do not compress images in file imewekewa alama.

Chaguo la Delete cropped areas of pictures liwekewe alama, na hili tunalisema kwa msisitizo. Sehemu ya picha uliyoikata kwa Crop haijafutwa, imefichwa. Yeyote mwenye faili anaweza kuirudisha. Katika tasnifu hii picha kadhaa zilikatwa ili kuondoa nyuso za wavuvi na wanawake waanikaji ambao waliahidiwa kutotambulishwa. Bila alama hiyo, nyuso zao zinasafiri na faili kwa kila atakayelipokea. Ahadi kwa mshiriki wa utafiti ni nzito kuliko mpangilio wowote wa ukurasa.

Upande wa pili wapo walio na picha hafifu. Picha zilizotumwa WhatsApp kama picha hupunguzwa njiani. Mwambie msaidizi wa uwandani azitume kama dokumenti. Ikiwa iliyopo ina pikseli 900 tu, kwa upana wa sentimita 14.5 itakuwa na 158 kwa inchi. Ipunguze iwe sentimita 10 na itafika 229. Na unapobadilisha ukubwa, vuta kona, si ubavu. Ubavu humfanya mtu awe mnene ghafla. Iliyokwisha kuharibika hurudishwa kwa Reset Picture & Size.

Ile X nyekundu: picha iliingizwa kwa kiungo, si kwa mwili. Faili linakumbuka njia ya kwenda kwenye folda ya laptopu, na steshenari hakuna folda hiyo. Iingize upya kwa Insert, Pictures, This Device, na usichague Link to File.

Namba na orodha

Futa namba zote za picha zilizoandikwa kwa mkono. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, Insert Caption, New Label, andika Picha. Ukitaka namba za mtindo wa 4.3, bofya Numbering, weka Include chapter number. Hili hufanya kazi tu ikiwa Heading 1 imepewa namba kupitia Multilevel List, si kwa kuandika "4" kwa mkono. Kila picha inapotajwa kwenye matini, tumia References, Cross-reference, Only label and number. Orodha ya Picha hutengenezwa na Insert Table of Figures.

Baada ya mabadiliko yoyote: Ctrl+A, kisha F9, na namba zote hujipanga. Kabla ya kuchapa, tafuta neno Error! kwa Ctrl+F. Kapsheni iliyofutwa huku ikiwa bado inatajwa mahali huacha maneno "Error! Reference source not found" katikati ya sentensi, na hujitokeza baada ya kusasisha, mara nyingi dakika za mwisho.

Kwa tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili, chagua yote na uweke lugha ya uhakiki kuwa Kiswahili kupitia Review, Language. Vinginevyo Word itaipa kila sentensi mstari mwekundu, na usahihishaji wa Kiingereza utageuza "i" ya "i wapi" kuwa herufi kubwa.

Kwenda kuchapa

Usipeleke .docx peke yake. Hifadhi kama PDF, kiwango cha Standard. Minimum size hupunguza tena picha. PDF inabeba fonti ndani yake, kwa hiyo kurasa zilizopo nyumbani ndizo zitakazokuwepo steshenari. Mwambie mhudumu achape kwa Actual size. Akiacha Fit, ukurasa mzima unaweza kusinyaa na pambizo ya sentimita 4 ikabadilika, na kwa kazi inayojalidiwa hilo linaonekana wazi.

Chapa kwanza ukurasa mmoja wenye picha. Dagaa waliokauka juu ya kichanja cheusi wanasomeka vizuri kwenye skrini, lakini kwenye karatasi nyeusi-nyeupe huwa bonge moja. Picture Format, Corrections, Brightness +20% mara nyingi huwatenganisha. Kurasa za rangi zichapwe peke yake ili kupunguza gharama, kwa kuandika namba zake kwenye kisanduku cha Pages, mfano 52,55,61-63. Hizo ziwe namba za kurasa za PDF kuanzia jalada, si zile zilizochapwa chini ya ukurasa, kwa sababu kurasa za utangulizi zenye namba za Kirumi huzisogeza zote mbele.